Mtoto wa Watu

Ukiingia Mungaa ukiwa mgeni, hutaulizwa kwanza unafanya kazi gani. Bibi anayeanika mtama uani atakinga jua kwa kiganja, atakutazama usoni kama anayetafuta pua ya mtu anayemfahamu, kisha atasema: "Mjukuu wangu, wewe wa nani?" Utamtajia baba yako. Asipomjua, atapanda kwa babu. Babu naye akimshinda, atahamia kwa mama, kwa wajomba, kwa kijiji alikoolewa shangazi yako. Hachoki, na wala hakuhoji kwa ubaya. Anakutafutia mahali pa kukuweka kichwani mwake, na akishapapata, atakuletea kigoda.

Swali hilo lilinirudia nikiwa stendi ya Misuna, Singida mjini, nikisubiri gari la kunirudisha nyumbani. Ilikuwa alfajiri, baridi ya Juni, upepo wa Singida usio na huruma. Kando ya maduka yaliyofungwa walilala wavulana wanne, wamejifunika viroba, migongo imeelekea ukutani. Mwenye duka mmoja alikuja na funguo, akawaamsha kwa kugonga mlango kwa nguvu kuliko ulivyohitaji. Nilimuuliza wale ni akina nani. Akajibu bila kugeuka, "Hao? Hao wa mtaani."

Wa mtaani. Lilikuwa jibu la swali la bibi yule, limevaa sarufi ile ile: wa nani? Wa mtaani. Mtaa umekuwa baba yao.

Nimekuwa nikiligeuzageuza neno hilo tangu siku ile. Mtaa kwa Mtanzania ni zaidi ya njia yenye nyumba pande mbili. Ni ngazi ya utawala. Mjini kata imegawanyika katika mitaa, na kila mtaa una mwenyekiti wake, ofisi yake, muhuri wake, na uchaguzi wake. Ukitaka kumdhamini ndugu, mara nyingi utahitaji barua ya serikali ya mtaa. Kwa hiyo "mtu wa mtaa fulani" ni mwenyeji kamili, ana mwenyekiti wa kumwandikia barua. Ongeza kiambishi kidogo *-ni*, useme "wa mtaani", na mtu huyo huyo anageuka asiye na mwenyeji yeyote. Silabi moja imemtoa ofisini na kumlaza nje ya mlango wake.

Huku kwetu Mungaa hakuna mitaa. Kata ya Mungaa, wilaya ya Ikungi, ina vijiji, na vijiji vina vitongoji. Mtoto anaweza kufiwa na wazazi wote wawili, akashinda njaa, akalala leo kwa huyu na kesho kwa yule, na bado hakuna atakayemwita mtoto wa mtaani, kwa kuwa mtaa wenyewe haupo. Ataitwa yatima. Ataitwa mjukuu wa fulani, yule aliyefiwa mwaka wa mvua nyingi. Ofisi ya kijiji ikimwandika kwenye daftari itamweka katika kundi la "watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi", maneno marefu yaliyokuja na mipango ya serikali na wafadhili. Kisha siku moja atapanda gari kwenda Singida, safari isiyomaliza asubuhi, na akishuka stendi atakuwa amebadilishwa jina bila kuulizwa. Njaa ni ile ile, shati ni lile lile, na hata lugha ya nyumbani bado imo mdomoni mwake. Nilimsalimia mmoja wa wale wanne kwa Kinyaturu, akaitikia kabla hajafumbua macho sawasawa. Alinitajia kijiji chake. Nakijua, si mbali na kwetu.

Kiswahili kina neno zuri na la kuhuzunisha kwa ajili ya nyumba zisizo na watu: mahame. Kwa ajili ya watu wasio na nyumba hakina neno moja lililo lake. Tunachosema leo ofisini na redioni, "watu wasio na makazi", ni maelezo yaliyotungwa yakae mahali pa neno. Hatukuwa na neno hilo kwa sababu wazee wetu hawakuhesabu umaskini wa aina hiyo kwa kuta na paa. Tembe la udongo linajengwa kwa miti ya porini, udongo wa hapo hapo na nguvu za majirani. Paa halikuwa tatizo gumu. Tatizo gumu lilikuwa kukosa hao majirani, na kwa tatizo hilo maneno yapo.

Lipo "mkiwa". Mkiwa ni mtu aliyebaki peke yake, asiye na wa kumlilia shida zake wala wa kumlilia yeye, na ukiwa ni hali yake. Anayesafiri kutoka Singida kwenda Manyoni hupita mahali paitwapo Mkiwa, ndani ya wilaya yetu hii hii, panapochepuka barabara ya Itigi. Sisemi jina la mahali pale limetokana na neno hilo. Lakini sijawahi kukisoma kibao cha pale bila kumwona mtu amesimama njia panda, na mzigo wake chini. Neno mkiwa halimlaumu mtu. Halisemi amefanya nini, linasema amekosa nini. Leo tunalisikia zaidi katika mashairi na mahubiri, wala sijawahi kumsikia mtangazaji wa habari akisema "wakiwa wameongezeka jijini". Ningependa kulisikia, hata kama ni mara moja tu.

Maneno tuliyoyachagua kwa ajili ya mjini hayasemi mtu amekosa nini. Yanasema anafanya nini, tena kwa kudhani. Chukua "mzururaji". Kuzurura ni kwenda huku na huku bila shughuli. Lakini nani amejua kwamba huyu hana shughuli? Kijana anayezunguka Soko Kuu la Singida tangu saa kumi na mbili asubuhi akiuliza kama kuna gunia la vitunguu la kubeba anafanya kazi ngumu kuliko zote, kazi ya kutafuta kazi, na anaifanya kwa miguu. Neno mzururaji linadai kuijua nia ya mtu kwa kutazama nyayo zake.

Dai hilo limekaa ndani ya sheria kwa muda mrefu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika vifungu vya 176 na 177, imewaweka pamoja anayeomba hadharani, anayeonekana barabarani katika mazingira ya kutiliwa shaka, na yule asiye na njia ya kuonekana ya kujipatia riziki wala hawezi kujieleza vizuri. Mizizi ya maneno yale si ya huku. Ni ya Uingereza, katika sheria ya mwaka 1824 iliyotungwa wakati miji ya kule imejaa maskini na askari waliorudi kutoka vita vya Napoleon. Wakoloni waliibeba lugha ile hadi makoloni yao, nasi tukairithi pamoja na majengo ya mahakama.

Hapo kwenye "hawezi kujieleza" ndipo ninaposimama kila mara. Afisa naye anauliza, kama bibi wa Mungaa. Wote wawili wanataka maelezo ya mtu wasiyemfahamu. Bibi anauliza wewe wa nani, na jibu ni jina la mtu mwingine, jina ambalo hata mtoto wa miaka sita analo. Afisa anauliza unafanya nini hapa, na jibu lazima liwe shughuli, kitambulisho, risiti. Mtu anaweza kuwa na jibu zuri kabisa la swali la kwanza na akalala mahabusu kwa kukosa la pili.

Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapa hapa nchini, Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kuhusu sheria za uzururaji barani. Iliona kwamba sheria za namna hiyo hazipatani na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu na watu, na ikazitaka nchi zizirekebishe au zizifute. Mimi mpenda maneno nilichokishika zaidi ni kwamba majaji waliyatazama maneno yenyewe. Walisema kwamba msamiati ule wa wavivu, wakorofi na wazururaji umetokana na mtazamo wa kikoloni uliopitwa na wakati, na kwamba kumwita mtu hivyo kunamvunjia utu wake. Mahakama iliketi kupima uzito wa istilahi. Baada ya miezi michache, mwaka 2021, Bunge letu lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Maana yake ni kwamba mzigo wa kumtafutia mtu huyu jina umeangukia lugha yetu sasa, na hatuwezi tena kusingizia Kiingereza.

Serikali ya baada ya uhuru nayo ilikuwa na msamiati wake. Mwaka 1976 Dar es Salaam ilipitia operesheni iliyoitwa Kila Mtu Afanye Kazi. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi na sheria yake. Waliokamatwa mjini bila uthibitisho wa kazi walipakiwa kwenye magari na kurudishwa makwao vijijini. Angalia walichokifanyia neno "kwao". Katika Kiswahili kwao ni mahali pa mtu, pasipohitaji hati, na mkataa kwao, wahenga walisema, ni mtumwa. Katika operesheni kwao kukawa adhabu, mahali unapopelekwa kwa nguvu. Wazee wa Singida hawakuhitaji kufundishwa maana ya operesheni, kwa kuwa miaka michache nyuma, kati ya 1973 na 1976, Operesheni Vijiji ilikuwa imewatoa watu wengi kwenye maboma yao ya asili na kuwapanga kando ya barabara. Mahame mengi yalizaliwa wakati ule. Mtu aliyeondolewa kwao katika miaka ya sabini, mwanawe akaenda mjini kutafuta maisha, angeweza kushuhudia mwanawe huyo akirudishwa "kwao" mwaka 1983. Kwao kupi?

Magazeti yana kitenzi chao: kuzagaa. Ombaomba wazagaa. Watoto wa mitaani wazagaa. Fungua ukurasa wa pili, utakuta taka nazo zimezagaa. Kitenzi hiki kinaniuma kwa sababu kilikuwa na maisha mengine. Kamusi za zamani zinakieleza kama kung'aa, kutoa mwanga, na kuzagaza ni kutia nuru. Mwanga ulizagaa chumbani. Kilichoanza kama kitenzi cha alfajiri kimefika kuwa kitenzi cha dampo, na tumewaweka humo watoto. Na kikishakaa humo, kitenzi kinachofuata kinakuja chenyewe, maana kilichozagaa hufagiwa. "Kusafisha jiji", tunasema, na hatusikii tunachosema. Mkuu wa mji anapotangaza kwamba atausafisha mji dhidi ya ombaomba, hahitaji kusema kwamba watu hao ni uchafu. Sarufi imeshamsemea.

Niseme pia upande wa mwenye duka, kwa kuwa simwoni kuwa mtu mbaya. Analipa kodi, analipa leseni, na asubuhi anakuta mkojo mlangoni. Ameibiwa mara mbili. Ana neno lake, "kero", na kero ni ya kweli, kwani harufu haidanganyi. Lakini kero ni jina la kinachompata yeye. Tunapoligeuza likawa jina la mtoto, tukasema watoto hawa ni kero, tumechukua maumivu ya mtu mmoja tukambandika mwingine usoni. Mlango unaweza kuoshwa. Kwa jambo la mvulana aliyelala pale tunahitaji kitenzi kingine.

Kenya wana "chokoraa", na limevuka mpaka hadi kwetu. Wengi husikia ndani yake kitenzi kuchokora, kuchimbachimba kwa kijiti, wakamwona mtoto anayechokora majalala. Ni maana yenye picha kali. Lakini kamusi za zamani zinamjua chokoraa kama kijana wa chini kabisa nyumbani kwa mtu, mtumwatumwa wa jikoni, mfuasi anayekula makombo. Alikuwa mnyonge, sitaki kuupamba unyonge huo. Hata hivyo alikuwa na jiko la kukaa karibu nalo, na moto. Karne moja baadaye jiko limeondoka na neno limebaki nje barabarani. Wakenya haohao, katika lugha ya serikali yao, husema pia "familia za mitaani", na sensa yao maalumu ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639. Nalipenda neno familia kuwekwa hapo. Linakubali kwamba kuna mama, kuna mtoto mchanga, kuna kaka anayelinda gunia, na kwamba wanaolala pamoja kando ya ukuta wanaweza kuwa wamefanyana ndugu.

"Mhuni" nalo limesafiri mbali. Leo ni mkorofi, mlevi, mtu wa matusi. Zamani maana yake ilikaribia zaidi mtu asiye na mke wala ukoo wa kumshika, anayeishi kivyakevyake. Wakoloni wa Dar es Salaam walilipenda sana neno hili, wakaliandika katika ripoti zao kwa Kiswahili chake, na wakalijaza vijana wote waliokuja kutoka bara bila kibali na bila ajira. Upweke wa mtu ukawa kosa lake.

Na ombaomba. Lugha yetu hurudia neno ili kuonyesha jambo lisilokoma, na ombaomba ni kuomba kulikogeuka kuwa mtu mzima. Kuna mzee mmoja wa Dodoma, jirani zetu wa mashariki, aliyeomba Dar es Salaam miaka mingi hadi jina lake likawa nomino ya kawaida, na watoto shuleni wakaitana jina hilo wanapoombana maandazi. Wasomaji wa umri wangu wanalijua. Sitaliandika. Lilikuwa jina alilopewa na watu wake, nao hawakulitoa ili liwe tusi.

Kijiwe nakipita haraka, ingawa Singida yetu ya miamba inanisukuma nikisemee. Wazee wakikaa chini ya mti ni baraza. Vijana wakikaa juu ya jiwe ni kijiwe, na polisi wanapita. Tofauti ni mvi.

Yapo pia majina yaliyotungwa kwa upendo. Mwanza, miaka ya tisini, palikuwa na kituo cha watoto walioishi barabarani kilichoitwa Kuleana. Sarufi yake nzuri! Kulea ni kitendo cha mkubwa kwa mdogo. Kikipata *-na* kinakuwa cha pande zote, tunaleana, na mtoto naye yumo kati ya walezi. Wavulana wa stendi wanakijua kitendo hicho bila kufundishwa. Yule niliyemsalimia alikuwa na nusu ya chapati ndani ya mfuko wa nailoni, na alikuwa akiwasubiri wenzake waamke.

Agosti 2022 nchi nzima ilihesabiwa kwa kuulizwa nani alilala wapi usiku wa kuamkia tarehe 23, na sensa ikatupata milioni 61.7. Sensa inamjua mtu kwa kaya, na kaya si nyumba, kaya ni watu wanaokula chungu kimoja chini ya mkuu mmoja. Lakini walikuwepo waliolala nje ya kaya, nao walihesabiwa usiku ule ule, pale pale walipolala. Nafikiri mara nyingi juu ya karani aliyeinama na kishikwambi chake mbele ya mtu aliyejifunika kiroba. Kwa usiku mmoja dola haikumuuliza ana shughuli gani pale. Ilimuuliza jina, umri, na alilala wapi. Hakuwa mzururaji wala kero wala aliyezagaa. Alikuwa mtu aliyelala hapa.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hutajwa mara nyingi kama methali ya kumfukuza mvivu, nami nilifundishwa hivyo darasani. Huku kijijini nimeiona ikifanya kazi nyingine. Anayepewa jembe amepewa na shamba la kulimia, na sufuria la kupikia baada ya kulima, na jirani wa kugombana naye juu ya mpaka. Jembe lina maana ya kwamba siku ya nne utakuwepo.

Jioni ya siku ile ya stendi, nikiwa nimesharudi Mungaa, nilimsimulia bibi juu ya wavulana wa Misuna. Alisikiliza huku akipeta. Hakusema watoto wa mtaani, wala hakusema chokoraa. Alisema, "Masikini, mtoto wa watu." Usemi huo tunautumia kila siku bila kuusikia, na ndani yake kuna kila kitu ambacho maneno ya mjini yameacha. Watu gani? Haijalishi bado. Watu wapo, mahali fulani, na huyu ni wao.

Kisha akaweka ungo chini. Alitaka kijiji. Nikamtajia. Alitaka umri, nikasema labda kumi na miwili. Akauliza kama ni mweupe au maji ya kunde, kama meno ya mbele yana mwanya, kama alisalimia kwa lafudhi ya juu au ya bondeni, na nyumba ya nani niliyotajiwa karibu na kwao. Nilijibu nilichoweza, na kilikuwa kidogo. Akaanza kuhesabu kwa vidole nyumba anazozijua kule: aliyeolewa na kaka yake marehemu fulani, aliyehamia Itigi akarudi, aliyefiwa na mke akaoa tena. Giza lilikuwa limeshaingia alipomwita mjukuu wake, akamtuma nyumba ya tatu kwa mama mmoja aliyezaliwa kijiji kile, amwambie aje mara moja, na asisahau kuja na kanga maana kuna baridi.